Mkwaruzo wa Ukoo Wetu

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Chuo kikuu cha ng'ambo ya barabara kinaandaa Tamasha la Utamaduni wa Chakula na Sanaa za Mapishi. Jina refu kuliko foleni ya choo chetu cha shule. Bango lenyewe limezidi ukuta, likakunjiwa kwenye kona, kwa hiyo sisi wa upande huu tunasoma "za Mapishi", basi. Wasomi hao! Hawakupima ukuta.

Lakini lipo jambo moja nimelipenda. Kuna shindano la wanafunzi wa sekondari. Kila mmoja apeleke pishi la kwao pamoja na historia yake, kisha alipike jukwaani Jumamosi. Mshindi atasoma mapishi likizo nzima katika jiko la chuo na kuvaa koti jeupe la mpishi. Nalitaka koti lile. Nalitaka kuliko ninavyotaka kufaulu hesabu. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kupita lango lile ila Mjomba, naye alikuwa akipeleka mchanga.

Nisiposhinda, likizo yangu imeshapangwa: kufagia nywele katika saluni ya Shangazi. Ameshaninunulia ufagio. Mpya! Ameufunga utepe, eti zawadi.

Mpinzani wangu ni msichana wa darasani tunayemwita Kijiko. Hutembea na kijiko kwenye mfuko wa shati na kuonja kila kitu: uji wa shule, chai ya walimu, hata maji ya bomba, akasema yana ladha ya msumari. Msichana wa kuchosha. Anapeleka supu ya maharage ya mama yake. Supu ya maharage! Ubunifu umekufa, tuchangie sanda.

Tatizo moja dogo. Sijui kupika. Jioni nilijaribu wali, ukaungua. Mama alisema mimi hata maji nikiyateleka yatashika chini. Bibi aliuliza kutoka chumbani kama atoke na mkoba wake au bado kuna muda. Nikakaa kukwangua sufuria kwa hasira, kwaru, kwaru. Ndipo wazo likaniangukia. Nani kasema wali umeungua? Huenda umepikwa hivyo makusudi. Tangu enzi.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nimejiandikisha. Ofisi ya mhadhiri wa urithi wa chakula iko ghorofani, mwisho wa korido yenye harufu ya rangi. Kila mtu anamwita Daktari, ingawa nilipokohoa hakunisaidia chochote. Miwani yake hutundikwa kwenye mnyororo shingoni, naye huitafuta kila mahali pengine.

Waliokuwa mbele yangu walisema mambo yao: kitoweo cha nyanya, mkate wa kusukuma, supu ya Kijiko. Daktari alikuwa akipiga miayo kwa adabu, mdomo umefungwa, pua ikifanya kazi yote. Zamu yangu ikafika. Nikasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa siri ya mama yake, kwamba naleta Mkwaruzo.

Daktari aliacha kupiga miayo.

Nikaeleza. Kwamba katika ukoo wetu wali wa juu, ule mweupe, ni wa kuwapa wageni wanaotakiwa kuondoka mapema. Chakula chenyewe ni kile cha chini, kilichoshikana na sufuria kikawa cheusi, ambacho wazee hukikwangua kwa zamu, mkubwa kwanza. Kwamba moshi ni kiungo. Maneno yalikuja yenyewe. Mwalimu wetu wa insha angejivunia.

Daktari alifuta macho kwa karatasi ya mtu mwingine. Akasema ametafuta maisha yake yote pishi kama hili, urithi ulio hatarini kutoweka. Sikumwambia kwamba nyumbani kwetu hauko hatarini hata kidogo, kwamba Mama ameomba sana utoweke.

Ila kuna jambo. Atakuja Alhamisi kumhoji Bibi.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Nimemfundisha Bibi. Kazi ngumu kuliko ya walimu wangu wote wakijumlishwa.

Kwanza alisema hajawahi kula ukoko kwa hiari, na kwamba walipokuwa wadogo walimpa kuku, na kuku naye alifikiria kwanza. Pili, hana meno. Nikamwambia meno hayahitajiki, ni kusimulia tu. Akaniita mke mwenzangu, ambayo ni dalili mbaya, kwani huniita hivyo anapotaka kitu. Anataka biskuti za maziwa, za kuchovya kwenye chai, na asiulizwe na mtu zimetoka wapi. Tukakubaliana.

Mama aliyasikia yote kupitia dirisha la jikoni. Akaniambia njia ya mwongo ni fupi. Nikamjibu kwamba chuo kiko ng'ambo ya barabara tu, njia fupi inatosha. Nilikimbia kabla upawa haujafika.

Shuleni Kijiko alinijia wakati wa mapumziko, akaniuliza kwa upole wake wa bandia kama Mkwaruzo si ukoko. Akasema kwao ukoko hulowekwa tu, dada, kwa maji ya moto, halafu unatoka wenyewe. Nikamwambia watu wasio na historia ndio wanaoloweka. Akatoa kijiko chake, akaonja maandazi yangu bila kuombwa, akasema chumvi. Hana haya.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Siku ya ajabu! Daktari alifika na kinasa sauti. Bibi alikuwa amejifunga khanga zake za sherehe na kupaka wanja. Nilimwambia aseme kidogo. Aseme kidogo!

Bibi alisema kwamba zamani mchumba hakuulizwa tabia wala ukoo. Alipewa sufuria. Akiupika Mkwaruzo, wazee wa mume waliuvunja mbele ya watu, na usipotoa mlio wa kumwamsha mbwa aliyelala, harusi ilivunjika badala yake. Alisema dada yake mkubwa alibaki bila mume kwa sababu mbwa wa siku ile alikuwa kiziwi. Akalia. Alilia kweli, kwa machozi, kwa ajili ya dada ambaye, kwa ninavyojua, ameolewa mara mbili na yuko salama.

Daktari naye akalia. Nami ikabidi nilie, nisionekane mgeni katika ukoo wangu.

Mama alileta chai, akaitua kwa nguvu, akatoka.

Daktari alipotulia alisema nitakuwa mpishi wa kufunga tamasha. Wa mwisho jukwaani! Na Bibi atakaa kiti cha mbele, chenye kitambaa. Nikauliza, kwa kujali tu, supu ya Kijiko imepangwa wapi. Mapema, akasema, kabla ya wageni wakubwa kufika. Nilisikitika kwa kiasi kinachostahili.

Alipoondoka Bibi aliongeza bei ya biskuti. Anasema msanii halipwi kama kibarua.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Mazoezi. Nimeunguza wali asubuhi, mchana na jioni. Haijawahi kutokea siku niliyosifiwa hivyo, ingawa sifa zote nilijipa mwenyewe. Mweusi sawasawa, pande zote, hauna doa jeupe hata moja. Jirani alikuja na ndoo ya maji. Nikamweleza kuhusu urithi. Akamwaga ndoo ileile mlangoni petu na kurudi kwake bila kuaga. Watu wengine hawana utamaduni.

Jioni Shangazi alipita kupima aproni ya saluni mwilini mwangu. Alimwambia Mama, wifi, huyu mtoto wako anavyopika, afadhali nywele: zikiungua zinaota tena. Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Wacheke. Kesho nitakuwa na koti jeupe, nao watanipisha barabarani.

Nimewaza usiku huu jinsi nitakavyopita lango lile kila asubuhi, na mlinzi akinizoea, akiniuliza habari za nyumbani. Hilo silicheki.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Nitaandika yote, ingawa mkono unakataa.

Uwanja wa chuo ulijaa mahema. Tamasha la chakula, lakini chakula kilikuwa adimu kuliko hotuba. Mtu mmoja alizungumzia njaa mpaka watu wakaielewa kwa vitendo. Katika hema la wanafunzi wa chuo walitoa sahani kubwa kama usukani wa lori, na katikati yake kipande cha kiazi chini ya jani. Mama aliuliza kama hiyo ni ya kuonja au ya kuoteshea. Kijiko alipika supu yake mapema, mbele ya viti vitupu, na majaji wakarudia bakuli. Majaji hula chochote.

Zamu yangu. Jukwaani majiko ni ya umeme, meusi, yana kioo juu, hayana moto wa kuonekana. Fundi wa majiko alinijia na kunieleza kitu kirefu. Alianza kusema jiko hili, sufuria ikipata joto la kupita kiasi, lina… Sikumsikiliza hadi mwisho. Nilikuwa nampungia Bibi mkono. Mpishi wa kufunga tamasha hapigi soga na mafundi.

Nikabandika. Nikasimulia historia: wageni wa kuondoka mapema, wazee kwa zamu, mbwa kiziwi. Watu walinyamaza kama msikitini. Nikavuta pumzi nisikie moshi. Hakuna moshi. Nikasimulia tena mbwa. Nikaongeza joto hadi mwisho. Jiko likalia ti, likazima. Nikaliwasha. Ti. Nikaliwasha tena, nikaliomba kimoyomoyo, nikalitukana kimoyomoyo. Ti. Fundi alinionyesha kwa vidole, kwa furaha kabisa, kwamba hilo ndilo alilotaka kuniambia: linajizima lenyewe, wanafunzi walikuwa wakiunguza mno.

Mshereheshaji akapaza sauti, Mkwaruzo! Watu wakapiga makofi. Nikapindua sufuria kwenye sinia.

Wali ulimwagika mweupe. Punje kwa punje, kila moja imejitenga na mwenzake kama shanga. Hakuna iliyoshika. Chini ya sufuria kulikuwa safi hivi kwamba niliuona uso wangu, nao haukuwa uso wa mtu mwenye raha.

Kisha, kutoka nyuma, kigelegele. Mama! Amesimama juu ya kiti, anapiga vigelegele, analia, anawaambia watu asiowajua kwamba mwanawe ameivisha wali. Shangazi amemshika kiuno asianguke, naye analia.

Majaji wakala. Jaji mkubwa, mpishi wa hoteli, mtu mnene mwenye sauti laini, alikula, akala tena. Akasogea karibu yangu, akaweka mkono juu ya kipaza sauti. Akasema, binti, huu ndio wali bora niliokula mwaka huu. Akauliza kama huu ni wali wa kawaida tu wa nyumbani. Kwamba nikisema ndiyo, atauandika hivyo, na ushindi ni wangu. Nimjibu ndiyo tu. Neno moja.

Nililiona koti. Lilikuwa limekunjwa mezani, vifungo vyeupe.

Nikamtazama Daktari, miwani mkononi. Nikamtazama Bibi kwenye kiti chenye kitambaa. Nikatafakari aibu ya kuonekana nimepika wali wa kawaida. Nikauondoa mkono wa jaji kwenye kipaza sauti, nikasema kwa uchungu mkubwa kwamba huu ni msiba, kwamba mizimu ya ukoo wetu imekasirika, na naomba radhi.

Bibi akasimama na fimbo yake na kuunga mkono. Alisema kwa wali ule hata mbwa mzima asingeamka, na kwamba nimewaaibisha waliolala. Makofi mengi sana. Yote ya Bibi.

Koti amepewa Kijiko. Alinijia na bakuli, akaonja wali wangu kwa kile kijiko chake, akasema, dada, huu mtamu jamani, ungesema tu ndiyo. Mtu wa namna hiyo hajui urithi.

Mama alibeba sinia nzima nyumbani, akawagawia majirani. Njiani alinishika mkono.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Nimefikiri kwa makini siku mbili na nimegundua kosa lilikuwa wapi. Jiko. Laiti wangenipa mkaa kama watu wenye akili, saa hii ningekuwa nimevaa vifungo vyeupe. Historia yangu haikuwa na kasoro hata moja, na Daktari amesema ataiandikia makala, akamnunulia Bibi biskuti kwa hiari yake.

Likizo imeanza, niko saluni. Nimefagia. Shangazi ametoka kwenda kununua pini na ameniambia nisiguse kitu. Mara akaingia mteja mwenye haraka, ana harusi ya kwenda mchana, akauliza fundi yuko wapi. Nikajibu ni mimi. Akaniuliza nimejifunzia wapi, mbona mdogo. Nikamwambia nimetoka chuo kikuu juzi tu. Si uongo: nilitoka Jumamosi jioni, na umati ulikuwepo.

Nimempaka dawa ya kulainisha nywele. Kopo limeandikwa muda wa kukaa nayo kichwani, lakini kwa herufi ndogo mno, na mtu mwenye kipaji hasomi makopo. Naandika haya huku nasubiri ikolee.

Ameniuliza kama ni kawaida kuwashwa hivi. Nimemwambia ndiyo. Sasa anasema kuna harufu. Nimevuta kiti nikakaa mbele yake, nikashusha sauti, nikamweleza kwamba katika ukoo wetu mchumba hakuulizwa tabia wala ukoo.