Habari za Bi Mkato na Vita vya Mabano

Tulieni, enyi mlioketi na mliosimama, enyi wenye vikombe mkononi na wenye simu sikioni. Zimeni hizo simu, sogezeni viti, mnipe kimya cha robo saa tu. Maana nataka kuwasimulia jambo ambalo wafalme hawakulipigania wala majemadari hawakulithubutu, jambo lililotendeka siku ya Alhamisi, baina ya saa tatu asubuhi na saa tisa na nusu alasiri, ghorofa ya kwanza, chumba cha pili mkono wa kushoto, chenye mlango unaogoma kufunga. Nataka kuwasimulia habari za orodha. Naam, orodha. Anayetaka kucheka acheke sasa, amalize, tuendelee.

Palikuwa na ofisi ya afya, na katika ofisi hiyo palikuwa na mwanamke ambaye jina lake la kitambulisho hakuna aliyelitumia ila mama yake mzazi. Wengine wote walimwita Bi Mkato, kwa kuwa Mola alimjalia jicho la kuiona alama ya mkato iliyopotea katika kurasa mia za maandishi ya kompyuta, kama mwewe aonavyo kifaranga akiwa juu angani. Huyo ndiye Bi Mkato mwenye miwani iliyofungwa uzi mweusi, shangazi wa wapwa tisa, mbabe wa kibodi iliyong'oka herufi K, ambayo aliibonyeza kwa ncha ya kalamu bila kupunguza mwendo. Miaka kumi na miwili aliiandikia ofisi ile programu zake, na katika miaka hiyo alipandishwa cheo mara sifuri.

Sasa mjueni adui.

Kila zahanati ilipeleka orodha ya watoto wanaostahili chanjo ya pili ya surua, jina la mtoto pamoja na namba ya simu ya mama yake katika mstari mmoja, na orodha ikafungwa ndani ya mabano ya mraba, moja mwanzo na moja mwisho, kwa sababu ndivyo kompyuta inavyotaka. Hapo palitosha. Lakini orodha haikuruhusiwa kwenda moja kwa moja, la hasha! Ilipita kwanza kwa msimamizi wa mtaa, naye, ili ijulikane kwamba imepita mkononi mwake, akaivisha mabano yake. Ikafika kwa msimamizi wa kanda, akajiuliza moyoni, "Kwani mimi si mtu?" akaivisha na yake. Ikapanda kwa naibu, naibu akaivisha. Ikapanda kwa naibu wa pili, naye akaona haya kuipitisha ikiwa uchi. Kanda nyingine zilikuwa na manaibu wawili, nyingine naibu alikuwa likizo, na moja ilikuwa na kaimu naibu ambaye, kwa kuwa ni kaimu tu, alivisha mara mbili. Mwisho Mkurugenzi akazikusanya kanda zote nne ndani ya mabano yake makubwa ya nje. Mpaka zinafika mezani kwa Bi Mkato, orodha zile zilikuwa kama mtoto aliyevalishwa masweta na mashangazi sita, kila shangazi akidhani ni yeye peke yake aliyeona kwamba kuna baridi.

Na ile mashine ya kutuma ujumbe kwa akina mama, mashine tiifu isiyo na akili, ilifundishwa kutazama ngazi ya juu tu. Ikatazama, ikaona kanda nne, ikatangaza kwa fahari: "Watoto: 4." Kisha ikatafuta namba za simu za hao wanne, isizione, ikalala usingizi.

Ndipo asubuhi ya Alhamisi mlango usiofunga ukasukumwa kwa bega, akaingia Muuguzi wa zahanati, mama wa makamo mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima, kofia yake ameikunja mkononi kama mtu anayetaka kumpiga nayo mtu.

"Mdogo wangu," akanena, "jana nimekaa toka asubuhi mpaka jioni. Unajua nimepata watoto wangapi? Watatu! Na mmoja alikuja kuangaliwa sikio! Chanjo zangu mwisho wake kesho, zimeandikwa kwenye boksi, kesho. Surua imeshaingia mtaa wa pili. Akina mama wako wapi?"

"Wako humu ndani, dada," akajibu Bi Mkato, akigonga kioo cha kompyuta kwa kalamu. "Wamefungiwa."

"Basi wafungulie. Mimi hapa sitoki." Akaketi kwenye benchi.

Lakini je, vita vikubwa huanza bila baraza? Mkurugenzi alipopata habari aliitisha kikao cha dharura, nacho kilianza saa nne na nusu, kwa maana ilibidi kwanza watafute chumba. Mkurugenzi akaketi mbele, mwenye kalamu tatu mfukoni zisizowahi kuishiwa wino. Mkono wake wa kuume akaketi Mshauri Mwelekezi, mwenye viatu vya kung'aa, bingwa wa michoro yenye mishale, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akigusa kibodi.

Mshauri akasimama, akafunga kifungo cha koti, akahutubu:

"Mheshimiwa Mkurugenzi, ndugu wajumbe. Tatizo hili ni mtambuka. Si suala la kukurupuka. Napendekeza mradi wa miezi kumi na minane, wenye awamu tatu, kamati ya uongozi, na kamati ndogo ya kuiangalia kamati ya uongozi. Awamu ya kwanza tutaelewa mabano ni nini."

Wajumbe wakaandika: mabano ni nini.

Bi Mkato akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, ni kuyavua tu. Orodha zote ziwe moja, bapa, jina baada ya jina. Nipe mpaka alasiri."

Uso wa Mkurugenzi ukaingia wingu. "Kuyavua? Dada yangu, mabano yale ni uongozi. Ukiyatoa, nani atajua orodha ilipita kwangu?"

"Mheshimiwa, chanjo zinaisha muda kesho."

"Ndiyo maana tumekutana leo," akasema Mkurugenzi kwa hekima kubwa, na kikao kikaahirishwa kwa ajili ya chai.

Wengine wakaenda kwenye chai. Bi Mkato akaenda vitani.

Akarudi chumbani, akakaza uzi wa miwani, akaivuta kibodi karibu kama askari avutavyo ngao. Shambulio la kwanza lilikuwa la kawaida: aliiamuru kompyuta ipite juu ya kila kanda, ifungue mabano mara moja, imwage kilichomo. Ikafungua, ikamwaga. Wale wanne wakawa kumi na tisa. Muuguzi akainuka benchini.

"Watoto kumi na tisa?"

"Si watoto, dada. Ni mabano mengine."

Muuguzi akaketi.

Shambulio la pili lilikuwa kali zaidi. Akaandika kufungua ndani ya kufungua, na ndani yake kufungua tena, tabaka nne, mistari ikisogea kulia kwenye kioo kama jeshi linaloteremka bondeni. Lakini ole! Mabano ya adui hayakulingana kina. Kanda ya naibu aliye likizo ilisalimu amri mapema, ile ya manaibu wawili ikabaki imejifungia, na ile ya kaimu naibu wala haikuguswa. Bi Mkato akaona kwamba akihesabu tabaka atahesabu mpaka astaafu, maana kesho atateuliwa naibu wa tatu, naye atakuja na mabano yake.

Akavua miwani, akafikicha macho. Kisha akaazimia kutumia silaha ambayo wanafunzi wa kompyuta hufundishwa huku wakisinzia: agizo linalojiita lenyewe. Sikilizeni lilivyo. Unaliambia: chukua kitu, kitazame, kikiwa kinafunguka, kifungue, kisha kila utakachokikuta ndani yake kifanyie hivi hivi, hata pawe na tabaka mbili au mia mbili, usinirudie mimi kuniuliza. Mistari mitano tu! Akaiandika huku K zikilia tik, tik chini ya kalamu, akabonyeza, akarudi nyuma kwa kiti chake.

Kompyuta ikaanza kuunguruma. Feni ikalia. Mabano yakapasuka kanda kwa kanda, ya msimamizi, ya naibu, ya kaimu mara mbili, yakaanguka kama majani makavu, na jina la kwanza la mtoto likatokea mwangani. Lakini agizo lile halikusimama! Lililishika lile jina, likaliuliza, "Je, nawe unafunguka?" Na jina, kwa ushamba wa kompyuta, likajibu, "Ndiyo, mimi nimebeba herufi." Likapasuliwa. Likashikwa Z, likaulizwa, "Nawe umebeba nini?" Z ikajibu, "Nimebeba Z." Na hiyo Z ndani yake? Z. Na ndani ya hiyo? Z. Kompyuta ikaichimba ile Z maelfu ya mara ikishuka shimo lisilo na sakafu, hata ikakata pumzi, ikatupa maandishi mekundu kioo kizima, ikanyamaza.

Saa ilikuwa nane na dakika kumi. Ujumbe ulitakiwa uondoke kabla ya saa kumi, ili mama apate kuomba ruhusa kazini, au atafute wa kumshikia duka. Bi Mkato mwenye jicho la mwewe aliinamisha kichwa juu ya meza, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili hakuona kitu.

"Imekataa?" akauliza Muuguzi taratibu.

"Haikukataa, dada. Imezidisha. Inafungua mpaka watoto wenyewe. Nikiizuia haifiki, nikiiachia inawavunja."

Muuguzi akaguna. Hakujua lolote la kompyuta wala hakujifanya anajua. Alikuwa amechoka, naye akaongea kama aongeavyo mtu anayelalamikia kazi yake.

"Kama yule msaidizi niliyeletewa mwaka juzi. Chanjo zinakuja boksi ndani ya boksi, wanazifunga utafikiri dhahabu. Nikamwambia, fungua. Akafungua kubwa, akafungua ya kati, akafungua ndogo, nikageuka kumwangalia mtoto, kurudi nyuma namkuta ameshafungua na vichupa! Nikamwambia, wewe! Boksi unafungua, hata yawe mangapi. Ukifika kwenye kichupa, acha. Kichupa ndicho tulichokuwa tunakitafuta."

Bi Mkato akainua kichwa polepole.

"Sema tena hilo la mwisho."

"Kichupa ndicho tulichokuwa—"

Lakini vidole vilikwisha kuruka. Mstari mmoja! Mstari mmoja, enyi wasikilizaji, mfupi kuliko jina la mradi wa Mshauri: *kikiwa ni maandishi, usikifungue, kiweke kwenye orodha.* Akabonyeza. Feni ikalia kidogo, ikatulia kama mtoto aliyeshiba. Na kwenye kioo, bila bano wala kificho, yakashuka majina, moja chini ya jingine, mtoto wa kaskazini akifuatana na mtoto wa kusini, na juu kabisa pameandikwa: "Watoto: 638."

Muuguzi akaweka kofia yake kichwani. "Hao ndio watoto wangu," akasema, na sauti yake ya kuamsha wodi ikakatika katikati.

Msidhani vita vimekwisha. Saa tisa na robo Mkurugenzi akaingia, Mshauri nyuma yake na wajumbe wawili wenye makombo ya keki. Akainama mbele ya kioo, akatazama juu, akatazama chini.

"Mbona siioni ofisi yangu?"

"Hii ni orodha ya watoto, mheshimiwa."

"Naona watoto. Nauliza ofisi yangu iko wapi. Hii haiwezi kuondoka hivi. Irudishwe kwa manaibu, ipitiwe upya, Jumatatu tutaona."

Muuguzi akapumua kwa nguvu, akafungua mdomo, na maneno aliyoyaandaa siwezi kuyatamka hapa. Lakini Bi Mkato alimgusa mkono. Kisha shangazi wa wapwa tisa, aliyezoea kumnyang'anya mtoto kisu kwa kumpa kijiko, akanena kwa upole usio na mfano:

"Mheshimiwa, ningewezaje kuitupa kazi yako? Mabano yote nimeyahifadhi. Nimeyawekea faili lake peke yake."

Akalifungua. Na kweli yalikuwemo, mabano matupu, ya msimamizi ndani ya ya naibu, ya naibu ndani ya ya Mkurugenzi, yamepangwa mraba kwa mraba, bila mtoto hata mmoja ndani.

Mkurugenzi akayatazama kwa muda mrefu, na uso wake ukalainika.

"Haya ya nje ndiyo yangu?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Ndiyo yanayobeba yote."

"Yamekaa vizuri," akasema. Mshauri naye akasogea, akakiri kwamba muundo ni imara na unaonyesha uwajibikaji. Mkurugenzi akaagiza yachapishwe nakala mbili, moja ya ukutani. Na wakati wakuu wale wameinama kushangilia ukubwa wao usio na kitu ndani, kidole kidogo cha Bi Mkato kilisogea pembeni, kikabonyeza *Tuma*. Ilikuwa saa tisa na nusu kamili.

Kesho yake, siku ya Ijumaa, Bi Mkato aliomba ruhusa ya saa moja, akaenda zahanati kwa miguu kuyaona kwa macho yake yaliyoandikwa na mikono yake. Akakuta akina mama wametoka mlangoni mwa zahanati, wamepita kwa fundi cherehani, wamezunguka ukuta wa shule, mstari mmoja tu mrefu, mwenye duka nyuma ya mfagiaji, mke wa msimamizi wa kanda nyuma ya muuza mboga, kila mmoja na mtoto mgongoni au kiunoni na simu mkononi yenye ujumbe ule ule. Mshindi wa mabano akatembea kuelekea mlangoni, kifua mbele.

"We dada!" akafoka mama mmoja mwenye mapacha. "Unakwenda wapi? Foleni inaanzia kule nyuma!"

Hakujitaja. Akageuka, akaenda nyuma kabisa, akasimama pale bila mtoto wala kadi, akitabasamu kama mtu asiye na akili timamu.

Basi waandishi wa historia na waandike, na wanaochonga sanamu wanoe patasi zao: siku ile, karibu saa tatu asubuhi, sindano iligusa paja la mtoto wa kwanza, naye akapiga ukelele wa ghadhabu ambao hakuna tarumbeta ya jeshi lolote lililoshinda iliyowahi kuufikia, wa pili akampokea, wa tatu akaongeza, foleni nzima ikaitikia. Na kutoka ndani ya ushindi huo, juu ya vilio vyote, ikasikika sauti ya Muuguzi:

"Anayefuata!"