Ndengu Zako Zinaniharibia Ugonjwa

Kambu,
Jumatano asubuhi, chai ikingojwa.

Kwa Shangazi Mwongeli,
Nyumba yenye mlango wa kijani, nyuma ya soko,
Sultan Hamud.

Shangazi mheshimiwa,

MINTARAFU: KUPATA NAFUU BILA IDHINI YANGU

Na tena, Shangazi, uliposema kwenye simu kwamba mtu anayepata nafuu hana haki ya kulalamika, ulicheka ukakata laini kabla sijakujibu. Sasa ninakujibu kwa maandishi, kwa heshima yote anayostahili dada ya marehemu baba mkwe wangu, ili usipate pa kukata.

Mimi ni Kasyoki, mke wa Nzomo, mwana wa kaka yako. Najua unanijua, lakini malalamiko rasmi huanza na jina, na pia napenda sana kuandika maneno hayo. Mke wa Nzomo. Nimeyaandika mara mbili na bado nasikia raha.

Unakumbuka nilivyokuwa baada ya harusi. Jua la Kambu likichoma mabati, mimi nimevaa sweta. Nywele zilibaki kwenye kitana. Nililala nikiwa nimekaa, nililala nikichambua mchele. Na bibi arusi wa kwetu, kama unavyojua vizuri kuliko mimi, anatakiwa awe wa kwanza kuamka, awashe moto na kumpelekea mama mkwe chai kabla hajatoka nje. Mimi nilikuwa wa mwisho. Mwaitu, yaani mama mkwe wangu, akawaambia akina mama wa kanisa, "Mwanangu hakuoa mke, ameoa blanketi." Wakaja kuniombea pepo la usingizi litoke. Walipofika kwenye "Amina" nilikuwa nakoroma.

Ni Nzomo aliyenipeleka hospitali. Wakanishika shingo, wakanitoa damu, wakasema kuna tezi ndogo hapa chini ya koo, yenye umbo la kipepeo, inaitwa thairoidi, na yangu inafanya kazi polepole. Wakanipa kidonge cha kumeza kila asubuhi, kwa maji matupu, tumbo likiwa halina kitu, kisha ningoje muda kabla ya kunywa chai ya maziwa. Njiani Nzomo aliniita "Kipepeo wangu mvivu". Shangazi, mtu akiitwa hivyo na mwanamume mwenye gundi ya matairi kwenye kucha, anapona nusu yake papo hapo.

Kisha ukaja wewe. Umepika jikoni kwa familia ya Kihindi tangu Nzomo hajazaliwa, na ukashuka hapa na lile kopo la mviringo lenye vikopo vidogo vya viungo ndani, ukakaa kwenye kiti cha Mwaitu na kusema, "Kidonge kina kazi yake na sufuria ina kazi yake. Msinichanganyie." Ukatufundisha ndengu, kichri, yaani mchele uliopikwa pamoja na ndengu, mayai ya mchuzi wa nyanya, mchicha wa kitunguu saumu, mtindi wa kila siku, na chumvi ya pakiti yenye iodini, si ile ya kupimiwa kwenye gazeti. Ukaondoka ukidhani umetenda wema. Yafuatayo ndiyo matokeo ya wema wako.

1. Mikono yangu imepata joto. Hili ni la kwanza kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko yote, isipokuwa la mwisho. Zamani Nzomo alikuwa akirudi kutoka barabarani anakoziba pancha za malori, ananawa kwa sabuni ya unga, kisha anachukua vidole vyangu vilivyokuwa baridi kama vya chura na kuvifunga ndani ya mikono yake hadi vipate moto. Nani alikuomba uingilie? Juzi alivishika, akasema, "Alaa! Kumbe viko sawa," akaviachilia akaenda kutafuta bisibisi.

2. Ndengu zenyewe. Sisi Wakamba tunalima ndengu, tunazijaza magunia, tunazichemsha kwa kitunguu na kuzila bila kelele. Wewe ukatufundisha kukaanga binzari nyembamba na kitunguu saumu pembeni na kuzimwagia juu zikiwa moto, na sauti ile, chhhaaa, inasikika hadi barabarani. Harufu nayo inatangulia. Sasa dereva wa lori hapiti. Wiki iliyopita mmoja alisimama, akasema ana pancha. Nzomo akatafuta msumari, hakuna. Akatia gurudumu kwenye maji, hakuna hata kipovu. Dereva akasema, "Basi fundi, lichunguze polepole tu, sina haraka," akavuta kigoda karibu na dirisha langu. Na kuna mwingine, Shangazi, ambaye utingo wake alikiri kwamba wao wenyewe ndio waliotoa upepo. Mtu anatoa upepo kwenye gari lake ili angoje ndengu za mke wa mtu! Hii ni hatari kwa usalama wa barabara kuu, na chanzo chake ni wewe.

3. Mwaitu. Yule aliyeniita blanketi sasa anakuja kila mchana na bakuli lake, na kila mara ana sababu. "Nimekuja kuona kama chumvi ni ile ya pakiti." "Nimekuja kuona kama kabichi imeiva, Mwongeli alisema tusiijaze mbichi tumboni." Jumatatu hakutoa sababu, alileta kigoda. Kigoda hicho bado kiko kwangu. Mbaya zaidi, alisimama kanisani na kutoa ushuhuda, "Tuliomba, na Mungu akasikia, akatuma ndengu." Mama mchungaji akauliza kwa upole kama hakukuwa pia na dawa ya hospitali. Mwaitu akajibu, "Hiyo Mungu aliituma mapema, sisi ndio tulichelewa kufungua." Kanisa zima likapiga makofi. Nilipiga pia. Sikuwa na la kufanya, nilikuwa nimechangamka.

5. (La nne lilikuwa zito kabisa, lakini Nzomo ameingia sasa hivi kuniuliza manjano yako wapi, akatabasamu, na limenitoka.) Basi la tano: mume wangu yuko jikoni. Alianza kwa kunisaidia kukatakata dania nilipokuwa dhaifu. Sasa anatwanga, anakaanga, anaonja, na ana maoni. Rafiki yake Mutie, mwenye gereji ya pikipiki, alimpigia kelele kutoka ng'ambo ya barabara, "Fundi! Leo unaziba sufuria?" Watu wakacheka hadi mahindi ya kuchoma pale kando ya barabara yakaungua. Jioni yule yule Mutie alipita nyuma ya nyumba, akainama kwenye dirisha na kuninong'oneza, "Shemeji, hiyo binzari inatangulia kitunguu au inafuata?"

6. Kutokana na la tano, wanawake wa Kambu wameharibika. Mmoja aliniona asubuhi kupitia dirisha nikiletewa maji kitandani, na kufikia mchana habari zilikuwa zimevuka barabara kuu. Sasa kila mmoja amechoka. Mke wa Mutie, mwanamke anayebeba madebe mawili ya maji huku akigombana, alilala chini mlangoni na kumuuliza mumewe, "Kwani shingo yangu mimi haina kipepeo?" Walienda hospitali kwa kundi. Walishikwa shingo mmoja mmoja, na wote waliambiwa wako salama. Walirudi na huzuni kama waliokosa kazi. Muuguzi alinitumia ujumbe kupitia kwao: "Mwambieni Kasyoki huu si ugonjwa wa kuomba." Naambiwa wanaume wa kanisa wanataka kikao kuhusu jambo hili, lakini hawajui wakifanyie wapi, kwa sababu wengi wao wakati huo watakuwa wanapika.

7. Sasa nafika kwenye jambo lenyewe, na naomba ulisome ukiwa umekaa.

Ule muda wa kungoja, Shangazi. Nzomo huamka kukiwa na giza, anawasha moto, ananiletea maji na kidonge. Nikimeza, hatuwezi kunywa chai bado. Basi anakaa ukingoni mwa kitanda na tunangoja. Hana kazi nyingine wakati huo ila kungoja na mimi. Ananiuliza nimeota nini. Ananisimulia lori lililobeba mbuzi, na mbuzi mmoja aliyeruka akakataa kupanda tena. Alinieleza jinsi baba yake alivyomfundisha kusikiliza tairi kwa sikio, na sauti yake ikabadilika, na sikujua kabla ya hapo kwamba bado anamlilia. Sijui wake wengine huwapata waume zao saa ngapi. Mimi wangu nampata hapo, kati ya maji na chai.

Lakini tangu ndengu zako zianze kunipa nguvu, macho yangu yanafunguka kabla yake. Mwili unataka kuamka, unataka kufagia, unataka hata kuimba. Nalala nimeukaza, macho nimeyafumba, hadi nisikie anatafuta kibiriti. Nikiamka kwanza, moto nitauwasha mimi, maji nitajichotea, na yeye atalala kama waume wote. Jana nilipimwa damu tena, na majibu ni Ijumaa. Nikiambiwa niko sawa, kisingizio kimekwisha. Nitakuwa mke mzima, mwenye mikono ya joto, nimekaa peke yangu nikingoja chai.

Kwa hiyo ninaomba, kwa unyenyekevu:

Kwanza, uniandalie chakula cha Kihindi kinachosaidia thairoidi kiasi tu. Sitaki kurudi kulala kwenye mchele. Nataka udhaifu mdogo, wa heshima, hadi Krismasi.

Pili, umwambie Nzomo kama mtaalamu kwamba mke aliyepata nafuu ndiye wa kuangaliwa zaidi, na hasa asubuhi.

Tatu, ukishindwa yote mawili, uje ulichukue kopo lako. Nitalia, lakini nitakukabidhi.

Nikingoja hatua zako za haraka, nawasalimu wote wa nyumba yako, wenye nyumba unakopika, mama yule anayekupa majani ya uwatu, watoto wa jirani, na kuku wako mwekundu. Mwaitu anakusalimu kutoka kwenye kigoda chake hapa kwangu. Nzomo anakusalimu, hajui ninaandika nini, anadhani nakuomba namna ya kupika mayai.

Ni mimi mwenye huzuni nyingi na afya inayozidi,

Kasyoki, mke wa Nzomo. (Hiyo ni mara ya tatu.)

Tanbihi, Jumamosi jioni: Barua haikupata mtu wa kuipeleka, kwa hiyo naongeza haya. Majibu yalitoka jana na ni mazuri. Muuguzi alisema dawa naendelea nayo vile vile, chakula kizuri nacho vile vile, kimoja hakichukui nafasi ya kingine, na nirudi kupimwa. Maneno yako yale yale ya sufuria. Nilipaswa kufurahi, lakini tukiwa njiani nilimkaza Nzomo kiunoni hadi akasimamisha pikipiki kando ya barabara na kuniuliza ni nini. Nikamwambia yote, la kwanza hadi la saba, na la nne likanirudia katikati, nikamwambia na hilo.

Alicheka hadi akashika usukani. Akasema, "Kipepeo, unadhani sijui? Mtu aliyelala hatabasamu. Na tena unajifanya umelala ukiwa umeshafunga kilemba." Kumbe anajua tangu mwanzo, na amekuwa akiogopa kusema, asije akanifanya niamke. "Huko barabarani," akasema, "hakuna dereva hata mmoja anayeniuliza mimi nimeota nini."

Kwa hiyo ninaondoa malalamiko yote, pamoja na ombi la udhaifu. Kopo silirudishi, na binzari imekwisha. Leo asubuhi niliamka kwanza, wazi kabisa, nikawasha moto na kuleta vikombe viwili vya maji. Changu na kidonge, chake maji matupu. Akanywa, akauliza sasa tunafanya nini. Nikamwambia tunangoja. Yeye haumwi chochote, Shangazi, na alingoja hadi mwisho. Tutakuja Sultan Hamud kabla mwezi huu haujaisha, sisi wawili na Mwaitu na kigoda chake, na tutafika mapema kabla ya chai.