Shikamoo Kwanza, Friji Baadaye

Jumatatu, 4 Machi

Nimeajiriwa. Kwa umri huu! Naandika tena ili mkono wenyewe uamini: nimeajiriwa. Kazi ni kupokea simu za watu wenye hasira, kwenye kampuni inayouza na kutengeneza friji. Shule niliiacha ingali inanihitaji, lakini mwezi jana friji ya binti yangu ilipokufa nilipiga simu kulalamika, nikalalamika hadi bosi, mwanamke wa umri wa kitinda mimba wangu, akaja mwenyewe kwenye laini. Akasema mzee anayejua kulalamika hivi lazima anajua na kulalamikiwa. Amekosea. Sikumsahihisha.

Majaribio ni wiki moja. Nikipigwa kalamu Ijumaa, mkwe wangu ameshaniwekea kazi nyingine: kulinda kuku wake nyuma ya nyumba. Analitaja jambo hilo kila tukiwa mezani, kwa upole, kama anayesoma wasia. Mimi, mlinzi wa kuku wa mume wa binti yangu! Bora nife na vidude vya simu masikioni.

Leo nimetukanwa na watu ambao sijawahi kuwaona. Mmoja nyama yake imeoza, akataka kujua kama na mimi nimeoza. Chakula cha mchana sikukigusa.

Jumanne, 5 Machi

Jirani yangu wa meza ni mama mmoja ambaye ofisi nzima inamwita Mama Pole. Leo nimeiacha simu yangu ilie, nikamsikiliza yeye. Mtu anamfokea hadi sauti inavuja nje ya vidude, naye anasema tu pole, ehe, ikawaje? Anaiuliza hiyo "ikawaje" kama mtoto anayesimuliwa hadithi. Punde mtu yule yule anamweleza maradhi ya mama yake, na mwisho anaomba radhi yeye, mwenye friji mbovu! Nimewasikia wahubiri, nimewasikia madalali. Maneno ya kumtoa nyoka pangoni nimeyasikia leo.

Nikamwuliza siri yake. Akasema hana siri, baba, mtu akisikilizwa hasira inachoka yenyewe. Ananificha. Hata mimi ningeficha.

Saa nne ni chai. Hiyo nayo ni kazi, tena haina malipo: kusimama na kikombe na kuchekea visivyochekesha. Bosi akatangaza kwamba hapa sote ni familia, tunaitana kwa majina tu. Fundi mmoja, rika la mjukuu wangu, akaniita jina langu kavu kavu, bila hata "mzee" mbele. Chai ikanipalia.

Lakini palepale, katikati ya kikohozi, nikapata wazo. Ugonjwa wa wateja si friji. Ni adabu! Mtu akishakuamkia hawezi kukutukana hapohapo. Ulimi utagoma.

Jumatano, 6 Machi

Ushindi. Simu ya kwanza mwanamke aliwaka kabla sijataja kampuni. Nikamwambia, mwanangu, friji haina miguu, haitakimbia, tuanze na salamu. Kisha shikamoo, ndogo, ya kutoka mbali. Marahaba! Baada ya hapo alizungumza kama bibi harusi mbele ya wazee.

Hadi jioni wote wamenyooka. Jibaba moja lenye sauti ya ngoma likaishia kuniuliza afya yangu. Bosi alipita nyuma yangu akaguna kwa kuridhika. Kichwa kimevimba, kofia inabana. Nikamwambia Mama Pole asijali, nitamfundisha. Akacheka, akasema ahsante, baba. Mama huyu hana wivu hata chembe. Ningekuwa yeye, chai ingemwagikia kompyuta ya jirani.

Jioni nimemwambia mkwe atafute mlinzi mwingine wa kuku.

Alhamisi, 7 Machi

Balaa. Alipiga mwanamume mwenye sauti ya bawaba kavu. Friji yake mpya haigandishi. Nikadai salamu yangu. Akasema mwenye kuamkiwa ni yeye. Nikamwuliza amekula chumvi kiasi gani. Akasema kunizidi. Nikamwambia haiwezekani, mimi meno yangu yaliisha zamani. Akasema yake yaliisha, akawekewa ya bandia, na ya bandia nayo yameisha.

Jamani, huyo ni mtu. Moyoni nilimvulia kofia. Mdomoni sikurudi nyuma. Tukashindana kwa wajukuu, tukashindana kwa mgongo, tukashindana kwa watani tuliowazika. Simu nyingine zinalia ofisi nzima. Friji hatukuitaja tena. Mwisho akasema anakuja kesho, tutazamane uso kwa uso, ijulikane nani atamwamkia nani. Akakata.

Kumbe bosi alikuwa nyuma yangu muda wote. Akaniambia, kwa heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyonitisha, kwamba mzee huyo akitoka hapa na hasira, nitoke naye.

Kuku wananisubiri.

Ijumaa, 8 Machi

Alikuja kweli. Fimbo, kofia, na suti ambayo naapa ndiyo aliyovaa siku ya kuoa. Akasimama katikati ya ofisi. Mafundi wakaja kutazama. Nikasimama na mimi. Neno moja tu na kazi ni yangu. Nikanyoosha kola. Ukaidi huu! Nilikuwa radhi kulala na kuku kuliko kulitoa.

Mama Pole akainuka bila haraka, akaja kati yetu, akapiga goti kidogo.

"Shikamooni, baba zangu."

"Marahaba," tukajibu wote wawili kwa pamoja.

Basi. Kwisha. Tumeshaamkiwa, kila mtu ni mkubwa, tugombee nini tena? Akamvutia mzee kiti, akampa maji, akamwambia pole na friji, ikawaje? Mzee akafunguka. Kumbe ameibana ukutani, haipati hewa. Fundi akatumwa kuisogeza. Mzee akatoka anacheka. Mlangoni akaniita "mdogo wangu". Nikameza. Wiki nzima sijafanya kazi ngumu kama kule kumeza.

Bosi anasema nimepita, kwa kuwa Mama Pole ameniombea. Sharti moja: kuanzia sasa, awe mkubwa awe mdogo, wa kuanza kusalimu ni mimi. Nikaitikia.

Nikaenda kumshukuru Mama Pole. Nilikuwa na hotuba. Akaniwahi, "Pole, baba. Wiki ilikuwa ndefu." Nikajikuta namsimulia kuku wote wa mkwe, mmoja mmoja, na yeye anauliza ikawaje. Mwanamke huyu angefaa kutawala nchi, ila angekosa muda kwa sababu ya watu kumsimulia mambo yao.

Jumapili, 10 Machi

Nimepumzika, nimetafakari kosa langu, nimeliona. Si kudai shikamoo, hata kidogo. Kosa ni kuidai bila uchunguzi. Bosi kasema nianze kusalimu, hakusema nisitangulize swali. Kwa hiyo kesho, simu ikilia tu, nauliza kwanza mwaka wa kuzaliwa. Aliye mdogo kwangu atajua mwenyewe la kufanya. Aliyenizidi namrushia Mama Pole. Yeye anawaweza.