Kidude Kiitwe Roza

Jumatatu, 3 Machi 2025. Kisesa.
Mjukuu wangu Amondi kanuna. Anaandika maandishi ya kule ndani kabisa ya kompyuta, yanayoifanya itambue kila kidude kinachochomekwa. Chake kinapima ubaridi wa masanduku ya sangara. Wakaguzi wa ng'ambo, wanaopitisha maandishi hayo yaende kwenye kompyuta za dunia nzima, wamemrudishia kazi: kidude kimoja, majina matatu! Kila faili na lake. Wakiipokea kazi hiyo ndani ya wiki, kampuni ya samaki pale Mwanza inamwajiri. Miaka minne chuoni, jina limemshinda! Mimi wajukuu kumi na mmoja nimewapa majina.

Jumanne.
Nikamwambia kiitwe Roza, jina langu. Akasema, bibi, tunafuata lile ambalo kiwanda kiliandika mgongoni mwa kidude. Herufi na tarakimu, kama pikipiki! Jirani Sabina akacheka mpaka akashika mlango. Anajiona kwa kuwa mtumbwi wa mwanawe una jina lake. Mtumbwi mmoja! Mimi nitakaa ndani ya kompyuta za dunia nzima.

Jumatano.
Amondi kaenda Magu. Kidude kikaanza kulia, tii, tii. Kwetu Wajaluo mtoto akilia hovyo anatajiwa majina. Akinyamaza, hilo ndilo lake. Nikamwita Sabina ashuhudie. Okech! Kinalia. Zadok! Kinalia. Roza! Kimya. Sabina akasema nimekanyaga waya ukachomoka. Wivu!

Alhamisi.
Amondi anafua. Nikaingia kwenye mafaili, nikafuta jina la zamani nikaandika Roza, moja moja, kwa kidole. Nusu ya faili la kwanza, macho yakagoma. Nikaacha. Akaja akatuma waone alipofikia, bila kuangalia. Uzembe.

Jumamosi.
Kazi imerudi. Wanauliza: majina yalikuwa matatu, mbona sasa manne? Na huyu Roza ni nani? Angalau wananiulizia. Amondi akalia. Akasema bibi, hii ndiyo ajira yangu, usiguse tena. Nikampa pole. Roho iliniuma, kidogo.

Jumatatu, 10 Machi.
Siku ya mwisho. Amondi kamaliza: jina moja kila mahali, lile la pikipiki. Akanieleza faida yake. Kumbe jina likiwa moja, ukitaka kulibadilisha unatoa amri mara moja tu, linabadilika kote! Akanionyesha na pa kubonyeza. Mtoto ana akili huyu. Kaenda kuoga, akitoka atume.
Nimebonyeza. Roza kote, hakuna lililobaki. Na kutuma nimetuma mwenyewe, nimpunguzie kazi.