Meno Yaliyofungiwa Kabatini

Jumatatu, 9 Juni

Wewe fundi wa meno, huna haya. Mtu mzima mwenye kipara na koti jeupe, unamvalisha bibi wa watu meno mapya, unampa kioo, unamwacha ajione kama alivyokuwa msichana, halafu unayachomoa kinywani kama mtu anayemnyang'anya mtoto titi. Ndivyo ulivyolelewa?

Eti fizi hazijapona. Vidonda kavitia yeye mwenyewe alipong'oa visiki vyangu vya mwisho, sasa lawama zangu. Kasema ningoje hadi Jumamosi asubuhi, aangalie, anivalishe. Mpaka hapo ni uji na vitu laini. Nikishikwa na hamu nijishughulishe na kazi ndogo ndogo, itapita yenyewe. Nikamwuliza kama mkewe humwambia hivyo akirudi na njaa. Akacheka. Meno anayo yote.

Baya zaidi, kisanduku cha meno hakunipa mimi. Kamkabidhi mkaza mwana, mke wa mwanangu, kwa mikono miwili. Eti bibi namwona machoni, hatafika Jumatano bila kuyavaa. Sijawahi kutukanwa hivyo na mtu niliyemfungulia mdomo.

Jumanne, 10 Juni

Kisanduku kimefungiwa kabatini kwa mkaza mwana. Ufunguo uko ndani ya sidiria yake, mahali ambapo mkono wangu hauna ruhusa.

Haraka yangu ina sababu. Jumamosi alasiri anakuja mpiga picha, atupige ukoo mzima. Katika picha zangu zote nimefumba mdomo, hata ile niliyopigwa na marehemu mume wangu. Hii ndiyo itakayobaki ukutani nikishaondoka. Nataka watakaozaliwa waone kwamba bibi yao alikuwa na kicheko. Sasa mtu atavaaje meno asubuhi na kucheka nayo alasiri bila mazoezi?

Leo kaja Bi Kicheko, mama mzazi wa mkaza mwana. Meno yake ni ya kuzaliwa nayo na hayakai ndani. Mimi na uji wangu, yeye kajipangia karanga mbele yangu. Kakaka, kakaka. Eti subira, shoga yangu, Jumamosi si mbali. Nikamwambia si mbali kwa anayetafuna.

Mjukuu nikamkuta na biskuti kabla ya chakula. Nilimgombeza mpaka akalia. Watoto wa siku hizi hawawezi kungoja hata sahani.

Jumatano, 11 Juni

Nilifuata ushauri wa fundi. Hamu ilipokuja nikafagia ua. Ikaja tena, nikafagia tena. Mara ya tatu hapakuwa na cha kufagia, na hamu imeketi pale pale kwenye ua safi, inanitazama.

Basi nikamwambia mkaza mwana nataka kujaribu gauni la picha, ambalo kaliweka kabatini mwake. Akafungua. Muuza gesi akabisha hodi. Sikumwita mimi. Haya, nilimwita. Mkaza mwana alipotoka nikachukua meno, nikatia kipande cha sabuni ya kufulia kisanduku kisiwe chepesi. Akarudi, akakitikisa, akaridhika, akafunga kabati. Msomi yule, ana cheti.

Nikajifungia chumbani na mfupa wa nyama uliobaki jana. Yaliyotokea ni siri yangu na mfupa.

Jioni fizi zimetoka damu. Meno mabovu haya.

Alhamisi, 12 Juni

Shavu limevimba. Nimemwambia mkaza mwana ni upepo. Kaniangalia kama mtu anavyomwangalia paka karibu na sufuria.

Kosa nimeligundua. Fundi kayafanya makubwa. Marehemu alikuwa fundi viatu, na miaka yote niliketi naye kibandani nikiona. Kiatu kikibana hakuna anayeungoja mguu upone. Kinasuguliwa. Nikatoa tupa yake ya soli, nikayasugua meno upande wa ndani mpaka mapajani kukajaa unga wa rangi ya waridi. Kazi safi. Marehemu angesifu.

Ijumaa, 13 Juni

Sasa yanapwaya. Si neno. Kiatu kikipwaya kinatiwa soli ya ndani. Nimekata kipande cha koti la mwanangu, upande wa bitana, ambako mtu hatazami. Nikayavaa, nikacheka mbele ya kioo. Yalishika vizuri mpaka nilipopumua.

Kinywa kizima kinawaka moto. Mkaza mwana kaniuliza kwa upole, mama, kuna jambo unataka kuniambia? Nikamwambia lipo. Uji wako una madonge.

Jumamosi, 14 Juni

Kwa fundi. Mkaza mwana kafungua kisanduku mbele yake kwa madaha yote. Sabuni. Wakaitazama sabuni, wakanitazama mimi. Nikayatoa meno mkobani, nikayaweka mezani, maana mimi si mtu wa kuficha mambo.

Fundi kakivuta kile kitambaa kwa kibano. Kakilaza mezani kama anayezika. Kisha akasema, bibi, ungeyaacha tu kabatini, leo ungetoka hapa unacheka. Sasa vidonda ni vipya, meno ni ya kutupa, na itabidi tungoje mwezi mzima ndipo nichukue vipimo upya. Nikamwambia anayetengeneza kitu kisichovumilia tupa asijiite fundi.

Alasiri, mpiga picha. Nikaketi katikati, haki yangu, meno yale yale, niliyoyakwapua mezani kwa fundi, kinywani juu ya kitambaa kipya. Bi Kicheko ubavuni. Mpiga picha akasema, haya bibi, tucheke. Nikacheka. Ya juu yakaruka yakatua mapajani kwa Bi Kicheko. Akapiga yowe, akamkanyaga mwanangu. Mjukuu akauliza kama bibi amevunjika.

Picha nimeonyeshwa. Watu wote wanatazama mapaja ya Bi Kicheko. Mimi nimeziba mdomo kwa viganja viwili. Nilikwenda chumbani mapema, na aliyebisha hodi sikumfungulia.

Jumapili, 15 Juni

Mkaza mwana kaja kuketi kitandani kwangu. Hakugomba. Angegomba ningejua la kujibu. Kasema mpiga picha amekubali kurudi mwezi ukiisha, na kila mtu atakuja, hata mama yake. Yeye mwenyewe anaitaka ile picha, ya mimi nikicheka. Kaniomba ningoje tu. Kanishika mkono. Nikamwambia sawa mwanangu, nimekoma. Tukalia kidogo, wote wawili.

Alipotoka, muuza mboga akapita nje ya dirisha, akanipa habari. Kumbe nyuma ya soko yupo kijana anayetengeneza meno siku hiyo hiyo. Unaingia kibogoyo, unatoka unatafuna. Vipimo hachukui, anakadiria kwa macho. Huyo sasa ndiye fundi.

Kesho mapema niko pale. Mwanangu apitie kwa mpiga picha amwambie aje kesho hiyo hiyo jioni, na mkewe asiambiwe neno.