Mlenda wa Barafu Ukweni

Jamani, leo nimeadhirika. Tena ukweni, mbele ya mzee, nikiwa ndani ya suruali ya kuazima. Nimekimbilia hapa intaneti kafe niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu, maana Dodoma hii ni ndogo na Zaituni hana siri.

Mnakumbuka niliwaambia kwamba baba yake Zaituni, Mzee Salumu, hapokei barua ya posa mpaka amwone kijana mwenyewe? Siku ya kuonwa ilikuwa leo. Mjomba wangu, ambaye ndiye mshenga, akanifuata asubuhi pale dukani ninapotoa fotokopi ili anipe mawaidha ya mwisho.

"Mzee Salumu ana jambo moja tu," akasema. "Hapendi mtu wa kuchagua chakula. Kuna kijana alikuja kabla yako, ana gari, ana kila kitu. Akawekewa mlenda, akasema yeye hali vitu vya kuteleza. Leo yuko wapi?"

"Yuko wapi?"

"Sijui. Ila kwa Mzee Salumu hayupo. Kwa hiyo ukiwekewa kitu, kula. Maliza. Shukuru. Omba kingine."

(Maneno hayo yashikeni. Mimi niliyashika, na ndiyo yaliyoniponza.)

Nikafika Chang'ombe mchana, jua kali, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mama Zaituni akanipokea vizuri. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, karibu ndani, mzee yuko msikitini, anarudi sasa hivi. Akaniketisha sebuleni, na hapo nikaona maajabu. Samaki wanakaa ndani ya nyumba. Tangi la kioo, refu kama kabati lililolazwa, lina taa, lina mapovu, lina mawe ya rangi, na samaki wekundu wanene wanapita huku na huku wakinitazama. Mzee ana duka la vipuri, na tangu biashara ifunguliwe anakwenda Dubai kama mimi ninavyokwenda sokoni. Huko ndiko alikolitoa. Sisi kwetu Kolo maji ya kunywa tunayafuata mbali, hawa wana ya kuogelea samaki.

Basi Mama Zaituni akatoka kwenye friza na kikombe cha plastiki, kina kijiko ndani. Akakiweka kwenye stuli, karibu kabisa na goti langu. Akasema, "Acha kwanza barafu iyeyuke," akarudi jikoni.

Nikachungulia. Kitu cha kijani, kizito, na bonge la barafu katikati. Nikachota kidogo kwa kijiko. Kikateleza.

Mlenda. Mtihani wenyewe huu hapa, umeletwa kabla hata msimamizi hajafika. Tena mlenda wa barafu (nikasema hawa watu wa mjini, kama wanafuga samaki sebuleni, watashindwa kugandisha mlenda?). Kikombe cha plastiki kilinikwaza kidogo, maana kabatini niliviona vikombe vya maua. Nikajiambia bado sijawa mkwe, vya maua vitakuja na ndoa.

Nikasubiri ikayeyuka, kama nilivyoambiwa. Kijiko cha kwanza tu, machozi yakanilengalenga. Uduvi, kitunguu saumu kibichi, na kitu kingine ambacho sikutaka kukijua jina. Nikamkumbuka yule kijana mwenye gari. Nikamkumbuka Zaituni anavyocheka. Nampenda yule binti, jamani, msinione hivi. Nikafumba macho nikala. Nilipofumbua, samaki wote walikuwa wamejazana upande wangu wa kioo, midomo inafunguka na kufungika. Nikadhani wananipa moyo.

Nikamaliza. Na kikombe nikakikwangua.

Mzee akaingia, kanzu nyeupe, uso wa mtu asiyetaka mchezo. Shikamoo, marahaba, habari za Kolo, wazazi hawajambo, mvua zilikuwaje. Kisha akauliza, "Umekaribishwa lakini?"

"Nimekaribishwa, mzee. Nimekula, nimemaliza. Chakula kizuri sana. Kama kimebaki, hata kidogo, sikatai."

Akatabasamu. Wallahi akatabasamu, nami nikajiona nimeshaoa.

Mara Mama Zaituni akaingia na sinia. Juisi ya zabibu, sambusa, vikombe vya maua. "Nisamehe mwanangu, nimekuchelewesha, umekaa muda wote mdomo mkavu."

Mzee akamtazama mkewe. Akanitazama mimi. Mimi nikatazama sambusa.

"Mgeni anasema ameshakula."

"Amekula nini? Mbona sijampa kitu?"

"Kile cha kwenye kikombe, mama," nikasema. "Ule mlenda."

Mama Zaituni akatua sinia polepole, akainama, akachungulia kikombe.

"Baba Zaituni," akasema, "samaki wako leo wamelala njaa."

Nyuma ya pazia kukasikika kishindo. Ni Zaituni, ameanguka kwa kucheka.

Mzee hakucheka. Alikichukua kikombe, akakipindua, halikudondoka hata tone. "Unajua humu mlikuwa na nini?" akaniuliza taratibu. "Nasaga mwenyewe kwa mkono wangu. Uduvi, mchicha, bamia, kitunguu saumu, na maini ya ng'ombe. Mabichi. Halafu nagandisha."

"Maini niliyahisi, mzee," nikasema. (Msiniulize kwa nini. Mdomo ulijisemea wenyewe.)

Hapo ndipo mzee alipopasuka. Alicheka mpaka kofia ikaanguka, akashika ukuta, akakohoa, akaanza upya. "Mwenye gari alikataa mlenda wa mke wangu," akasema akijifuta macho. "Huyu kala chakula cha samaki na kaomba kingine!"

Kisha akaniambia inuka, umekula haki yao, uwalipe. Nikapewa kibonge kingine, nikakiyeyusha kwa maji ya tangi, nikawalisha kwa kijiko kile kile. Wakakigombania. Zaituni akatoka nyuma ya pazia, kanga mdomoni, akaja kusimama kando yangu kuwatazama, na baba yake hakumfukuza. Moyo wangu ulikuwa mweupe.

Barua ipelekwe Ijumaa. Sharti moja: iende pamoja na uduvi, mfuko mzima, fidia ya samaki.

Njiani nimepita kwa mjomba kumpa habari. Amekuna kidevu, akasema kila ukoo una mila zake, uduvi utapatikana, sisi tusiwahoji. Kisa cha kikombe sijamwambia. Nanyi mtakaonisindikiza Ijumaa, mjomba atakapoukabidhi ule mfuko kwa mikono miwili na uso wa heshima, nawaomba msicheke. Atakayecheka nitamwomba Mama Zaituni amletee cha kwenye plastiki.