Marufuku Kucheka Ngombezi

Jumatatu, 3 Juni 2024
Zahanati ya hapa Ngombezi, na mke wangu Rosa. Miezi mitano hajaona siku zake, wala si mimba. Na mtoto tunamtaka mno! Nesi Hajira kamhoji mpaka Rosa akakiri: kila alfajiri anakimbia hadi Korogwe mjini na kurudi, kujiandaa na mbio za wilaya. Na chakula anadonoa kama kuku. Nesi akasema mwili ukichoka hivyo bila kushiba, ubongo hupunguza ujumbe wa homoni unaoamsha ovari. Tena ubongo una dawa yake wenyewe ya maumivu, endofini. Huongezeka mtu akikimbia sana, na inadhaniwa nayo huchangia kuuzima ujumbe huo. Apunguze mbio, ale ashibe, arudi. Hayo ya mwisho sikuyasikiliza. Adui nimeshampata: endofini!

Jumatano, 5 Juni
Simu yangu inasema endofini hutoka hata kwa kucheka. Na kwa pilipili! Nimezizika zote nyuma ya choo. Nimetangaza: humu ndani hakuna kucheka. Rosa kacheka. Tatizo ni jirani, Semboja. Yeye Mzigua, mimi babu yangu alikuja mkongeni kutoka Unyamwezini. Ni mtani wangu, na mtani hafukuzwi. Jioni kaja kudai eti mimi mtumwa wake niliyetoroka, na mke huyu ni wake. Rosa hoi!

Jumamosi, 8 Juni
Wazo la dhahabu. Msiba wa mzee Nicolaus! Nimempeleka Rosa akahuzunike kutwa. Nilisahau kitu kimoja: watani, ambao msibani kazi yao ni kuchekesha wafiwa. Semboja kavaa koti la marehemu, kaiga mwendo wake, kisha kajilaza kaburini, hatoki mpaka apewe kuku. Wafiwa wamecheka. Rosa kacheka mpaka kakaa chini. Mimi nikajitia kukohoa.
Njiani Rosa akaniuliza naogopa nini hasa. Nikasema naogopa kuzeeka katika nyumba iliyo kimya. Hakucheka. Akanishika mkono.

Jumapili, 25 Agosti
Rosa kaona siku zake! Mungu mkubwa! Nimelia kama mtoto. Nesi alishatuambia hiyo ikitokea ni dalili njema. Rosa anasema ni kupunguza mbio na kula ugali wa kushiba. Namwacha aamini hivyo. Mimi najua ni zile pilipili nilizozika. Zimeota, tena zimestawi.
Kesho naenda Kwamsisi kwa dada yangu Pendo. Yeye na shemeji Kibwana nao wanatafuta mtoto, na jana kwenye simu niliwasikia wanacheka. Lazima niwaokoe.